KURA KWA RIMOTI: TUUJARIBU MTAMBO KABLA YA KUUNUNUA



Baadhi yenu mmeuliza kama yafaa Chama chetu kinunue mtambo wa kupigia kura kwa ajili ya Mkutano Mkuu na mikutano ya matawi. Wengine mmeuona mtambo huo katika semina, na wengine mmeletewa na mawakala vitabu vya picha vyenye kung'ara. Halmashauri haijaamua neno. Lakini jambo hili litakapoletwa mbele yenu, fedha itakayotoka ni fedha yenu, na kura zitakazohesabiwa ni kura zenu. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza mtambo huu ni kitu gani, unafanyaje kazi, na khasa namna ya kuujaribu kabla ya kutia saini hati yoyote.

Mnunuzi wa karafuu haamini mdomo wa gunia. Hutia mkono mpaka chini. Na sisi twataka kutia mkono mpaka chini. Mtambo wa kura haujaribiwi na muuzaji. Hujaribiwa na wapigaji kura wenyewe, katika ukumbi wao wenyewe, kwa kura ambayo jibu lake limekwisha julikana.

KITU CHENYEWE

Mtambo huu una sehemu tatu. Ya kwanza ni rimoti ndogo za kuenea kiganjani, zenye vitufe vya namba, na kila mhudhuriaji hupewa yake moja. Ya pili ni kipokezi, nacho ni kidude kinachochomekwa katika kompyuta ili kunasa mawimbi ya redio yanayotoka katika rimoti. Ya tatu ni programu iliyomo katika kompyuta, ambayo hujumlisha kura na kuzionyesha ukutani kwa projekta.

Mwenyekiti husoma swali, kisha husema, mathalan: "Anayekubali abonyeze 1, asiyekubali abonyeze 2, asiye na upande abonyeze 3." Wanachama hubonyeza, kura hufungwa baada ya muda mfupi, na jumla huonekana.

Kila rimoti ina namba yake ndani, kama gari lilivyo na namba yake. Kwa namba hiyo kompyuta hujua kuwa rimoti fulani imekwisha piga kura, hata mtu akibonyeza mara kumi ihesabiwe moja tu. Aghlabu kura ya mwisho ndiyo inayochukuliwa, ili aliyekosea apate kujisahihisha kabla ya kufungwa. Tuikumbuke namba hii, maana tutairudia tutakapofika katika suala la siri.

FAIDA INAYOTAFUTWA

Kura ya mikono ina taabu mbili. Ya kwanza ni hesabu. Mikono hupanda na kushuka, walioko nyuma hawaonekani vizuri, na wahesabuji wawili huleta jumla mbili. Taabu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni haya na khofu. Mkono ulioinuliwa huonekana na kila mtu. Mwanachama aliyekopa fedha za uchumaji kwa tajiri aliyeketi safu ya mbele, au aliyekodishiwa mikarafuu na mtu huyo, ni shida kuinua mkono wake dhidi ya neno la tajiri wake, hata kama moyo wake haulitaki. Mume na mke, baba na mwana, mwenye shamba na jirani yake, wote hutazamana. Kura ya namna hiyo ina hesabu, lakini haina uhuru.

Kura ya karatasi huiondoa khofu hiyo, ila ni ya polepole. Karatasi zigawiwe, zikusanywe, zifunguliwe, zihesabiwe mara mbili. Maswali yakiwa sita au saba, jua limekwisha pinduka na wenzetu wanaotoka mbali wameanza kuondoka kuwahi gari. Basi maswali ya mwisho huamuliwa na wakaao karibu.

Mtambo mzima, ukitumiwa vizuri, huleta haraka pamoja na siri. Ukiwa mbovu, au ukitumiwa ovyo, huleta haraka peke yake. Ndiyo sababu ya kuujaribu.

SI JAMBO JIPYA

Mwaka 1869, Thomas Edison wa Marekani, aliyekuja kupata sifa kwa taa ya umeme, alipewa hati yake ya kwanza ya serikali ya kulinda ugunduzi. Ugunduzi wenyewe ulikuwa mtambo wa kuandika kura za wabunge kwa umeme. Hakuna aliyesema kuwa mtambo ule haukufanya kazi. Lakini ulipoonyeshwa Washington haukutakiwa. Wabunge walikuwa wakipiga kura kwa kuitwa majina mmoja mmoja, na muda ule mrefu walikuwa wakiutumia kushawishiana na kuchelewesha mambo wasiyoyapenda. Upesi aliouona Edison kuwa ni faida, wao waliuona kuwa ni hasara. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilianza kupiga kura kwa umeme tarehe 23 Januari 1973, zaidi ya miaka 100 baadae.

Hapa pana mafunzo kwa mnunuzi. Mtambo waweza kuwa mzuri kwa ufundi wake na usifae kwa mkutano wako. Na hilo halijulikani kwa kusoma kitabu cha muuzaji.

Liko pia la kuigwa katika mtambo wa Baraza hilo. Mwakilishi hutia kadi yake katika kituo, hubonyeza kitufe, kisha huliona jina lake na kura yake ubaoni. Akiwa na shaka, aweza kuitia kadi katika kituo chengine na kuitazama kura yake mara ya pili. Hiyo ni kura ya wazi, na katika kura ya wazi kujihakikishia ni kazi nyepesi. Katika kura ya siri ni kazi ngumu, kama tutakavyoona.

KWANZA TUJUE TWATAKA NINI

Mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipokutana Dodoma, wajumbe walibishana sana juu ya jambo moja katika kanuni zao: kura iwe ya wazi au iwe ya siri. Mwisho mjumbe aliachiwa achague mwenyewe namna aitakayo. Suala lile halikuwa la mashine. Lilikuwa suala la nani anamwogopa nani, na nani ana haki ya kujua mwenziwe amesema nini. Na sisi tukinunua rimoti kabla ya kulijibu suala hilo, tutakuwa tumemwachia fundi wa kompyuta atujibie.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haigharimu hata senti. Tuifungue katiba ya Chama na tutafute majibu matatu. Je, katiba yaruhusu kura ya chombo, au yasema mikono na karatasi tu? Ikiwa yasema mikono na karatasi tu, basi uamuzi wowote wa rimoti waweza kupingwa, na yafaa katiba irekebishwe kwanza. Je, ni mambo gani lazima yawe ya siri? Na je, wingi unaotakiwa ni wingi wa waliohudhuria, au wingi wa waliopiga kura? Hayo mawili hayafanani, na hesabu tutakayoitoa hapa chini itaonyesha tafauti yake.

NANI AWE MJARIBU

Muuzaji huja na kompyuta yake, rimoti zake kumi alizozichagua, na swali jepesi la kuchekesha watu. Sote tutabonyeza, namba zitaonekana ukutani, na tutapiga makofi. Hapo hatujajaribu kitu, tumetazama mchezo.

Katika jaribio la kweli muuzaji huketi pembeni mikono mitupu, na Katibu wetu ndiye anayeongoza kwa kufuata maelezo aliyopewa. Ikiwa Katibu hawezi kuufungua mtambo bila ya kushikwa mkono, basi na siku ya mkutano hataweza, na muuzaji siku hiyo hatakuwapo. Tena katika wajaribu wawemo wanachama wasiotaka mtambo ununuliwe. Hao ndio wenye macho makali, na wakiridhika wao, wengine wataridhika.

Siku ya jaribio isiwekwe katikati ya msimu wa uchumaji. Tutapata watu thalathini walio na haraka ya kurudi kwenye majamvi yao, na jaribio la watu thalathini halitoshi kwa mkutano wa watu mia mbili.

JARIBIO LA KWANZA: UKUMBI ULIOJAA

Rimoti nyingi za namna hii hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, nayo ni mawimbi yanayotumiwa pia na waifai na Bluetooth za simu. Mawimbi haya yana maadui wawili. Mmoja ni msongamano: simu mia mbili mifukoni, kila moja yatafuta njia yake. Wa pili ni maji. Maji huyanyonya mawimbi hayo, na mwili wa binadamu sehemu yake kubwa ni maji. Basi ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa watu si ukumbi mmoja. Rimoti iliyofika vizuri asubuhi, viti vikiwa vitupu, yaweza isifike mchana watu walipokaa bega kwa bega.

Kwa sababu hiyo tujaribu watu wakiwa wamejaa, simu zao zikiwa wazi, na kipokezi kikiwa mahali kitakapowekwa siku ya mkutano. Tuwaangalie khasa walioketi pembeni, nyuma ya nguzo za zege, na barazani. Ziko pia rimoti za mtindo wa zamani zinazotumia miali isiyoonekana, kama rimoti nyingi za televisheni. Hizo mtu akisimama mbele yako, kura yako haifiki. Kwa mikutano yetu hazifai.

Tuangalie jambo jengine dogo lenye uzito mkubwa. Katika rimoti za chini, taa huwaka kwa sababu umebonyeza. Katika rimoti bora, alama hutokea baada ya kipokezi kurudisha jibu kwamba kura imefika. Kwa macho, taa hizo mbili zafanana. Kwa maana, zatafautiana kama kutupa karafuu juu ya mizani na kupewa risiti yake. Namna ya kujua ni rahisi: chomoa kipokezi, kisha bonyeza. Ikiwa taa ya "imepokewa" itawaka na hali hakuna kilichopokea, rimoti hiyo yasema uwongo.

JARIBIO LA PILI: KURA YENYE JIBU LINALOJULIKANA

Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote, na halihitaji fundi. Tuseme wajaribu ni 200. Katibu atayarishe vikaratasi 200. Katika 120 aandike 1, na katika 80 aandike 2. Avichanganye katika kapu, kila mtu achukue kimoja, na abonyeze namba iliyoandikwa. Mtu asibonyeze matakwa yake, abonyeze kikaratasi chake. Mtambo lazima useme 120 na 80. Ukisema 119 na 80, kura moja imepotea njiani. Ukisema 121 na 79, ama mtu amekosea kubonyeza ama mtambo umekosea kusoma, na vikaratasi vikikusanywa, kila kimoja kikiwa na namba ya rimoti iliyokibonyeza nyuma yake, tutajua ni lipi.

Jaribio hili lirudiwe mara tatu au nne kwa hesabu mbalimbali. Mara moja iwe 100 kwa 100, tuone mtambo huonyesha nini kura zikilingana. Mara nyengine wote wabonyeze kwa pamoja kwa kuhesabiwa moja, mbili, tatu, ili tujue kama mawimbi yatasongamana mlangoni.

Mtu aweza kusema: kura moja au mbili katika 200 ni nini? Natumfanyie hesabu. Tuseme katiba yataka theluthi mbili. Theluthi mbili ya 200 ni 133 na kipande, kwa hiyo zatakiwa kura 134. Waliokubali ni 132, waliokataa ni 68. Azimio limeanguka. Sasa tuseme kura mbili za kukataa hazikufika. Mtambo waonyesha waliokubali 132, waliokataa 66, jumla 198. Theluthi mbili ya 198 ni 132 kamili. Azimio limepita! Kura mbili zilizopotea kimya kimya zimebadilisha uamuzi wa watu 200, na hakuna aliyeiba.

Kwa hesabu hiyo twapata kanuni mbili. Kwanza, kabla ya matokeo kutangazwa, idadi ya kura zilizopokewa isomwe na ilinganishwe na idadi ya rimoti zilizomo ukumbini. Zikipungua, kura irudiwe. Tena asiye na upande awe na kitufe chake, ili anyamazaye kwa hiari asichanganywe na yule ambaye kura yake haikufika. Pili, tusikubali asilimia peke yake. Waliokubali wakiwa 133 katika 200, hiyo ni asilimia 66.5, na programu inayopandisha vipande kufikia namba kamili itaandika 67 ukutani. Watu watadhani theluthi mbili imepatikana, na haikupatikana. Ukutani ziandikwe kura zenyewe.

JARIBIO LA TATU: MAKOSA YA KUSUDI

Baada ya kuujaribu mtambo kwa watu wanaofuata maagizo, tuujaribu kwa wasiofuata, kwa kuwa mkutano una watu wa kila namna. Mambo haya yafanywe kwa kusudi, na kabla ya kila moja tuandike kwenye karatasi tunatazamia nini kitokee:

Mtu abonyeze 7 hali majibu ni 1 mpaka 3.

Mtu abonyeze 1, kisha abadili abonyeze 2.

Mtu abonyeze baada ya kura kufungwa.

Mtu ashike rimoti mbili, yake na ya jirani aliyetoka.

Mtu atoke nje na rimoti yake, asimame chini ya mwembe, abonyeze kutoka huko.

Mambo mawili ya mwisho hayawezi kuzuiliwa na mtambo wowote. Mawimbi hayajui mlango, wala rimoti haijui mkono ulioishika. Huzuiliwa na watu. Rimoti zihesabiwe kama yanavyohesabiwa magunia ya ghalani: ngapi zimetoka, ngapi zimerudi. Anayetoka nje airudishe mlangoni, na anayeingia apewe mlangoni. Mtambo hauondoi kazi ya mabawabu, waiongeza. Atakayekuambia kuwa ukiwa na mtambo huhitaji mabawabu, huyo ana haraka ya kuuza.

JARIBIO LA NNE: KIZA

Umeme wa visiwa vyetu huja kwa waya uliopita chini ya bahari. Watu wa Unguja hawajasahau kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Na hata bila ya msiba mkubwa kama ule, umeme hukatika kwa dakika kumi, na dakika kumi zatosha kuvuruga kura.

Basi katikati ya kura ya majaribio, mtu azime swichi kubwa. Projekta itazimika mara moja. Kompyuta yenye betri yake itaendelea, na kipokezi kinachokula umeme wa kompyuta kitaendelea nacho. Je, kura zilizokwisha pigwa zimehifadhiwa? Kisha kompyuta yenyewe izimwe na kuwashwa tena. Je, matokeo ya maswali yaliyotangulia yapo? Ikiwa hayapo, mtambo huo una usahaulifu, na mkutano mzima waweza kurudiwa kwa sababu yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kila swali likimalizika, matokeo yaandikwe kwa kalamu katika kitabu cha kumbukumbu na kutiwa saini na wahesabuji wawili.

JARIBIO LA TANO: MZEE WA SAFU YA NYUMA

Tusijaribu kwa vijana wa skuli peke yao. Wako wanachama wenye macho dhaifu, wenye vidole vilivyokakamaa kwa kazi ya shamba, na wasiopata kujifunza kusoma. Wapewe rimoti bila ya msaada, swali lisomwe mara mbili kwa sauti, na tuone wangapi wanabonyeza walichokusudia. Namba kubwa na vitufe vichache ni bora kuliko rimoti yenye madoido. Mwenye haja ya msaada atasaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Akihitaji kusaidiwa na bawabu, siri yake imekwisha.

SIRI, NA USHAHIDI WAKE

Sasa turudi kwenye ile namba ya rimoti. Ikiwa Katibu ataandika daftarini kwamba rimoti namba 57 amepewa mtu fulani, basi yeyote atakayeifungua ripoti ya kompyuta ataijua kura ya mtu huyo. Kura hiyo itaitwa ya siri, nayo ni ya wazi kwa wenye ufunguo. Tumwambie muuzaji atoe ripoti zote mtambo uwezazo kutoa, si ile ya jumla tu, na tuzisome. Kwa kura ya siri, rimoti ziwekwe kapuni, kila mtu achukue aitakayo, na daftari liandike tu kwamba amepewa moja.

Walakini siri ina upande wake wa pili. Ikiwa hakuna ajuaye kura ya nani ni ipi, mwanachama atajuaje kuwa yake imehesabiwa sawa? Njia moja ni kubandika ukutani orodha ya namba na kura zake, na kila mtu aitafute namba ya rimoti aliyoishika. Hilo lafaa kwa mambo ya kawaida. Lakini pale penye khofu halifai, kwa sababu tajiri aweza kumwuliza mdeni wake, "Namba yako ilikuwa ngapi?"

Wenzetu wa Ujerumani walilifikiria jambo hili katika uchaguzi wa nchi nzima. Mwaka 2005 mashine za kura zilitumika katika baadhi ya vituo vya uchaguzi wa Bunge lao. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kuwa matumizi yale hayakuafikiana na katiba. Haikusema kuwa kura ziliibiwa. Ilisema kuwa hatua muhimu za kupiga na kuhesabu kura lazima raia aweze kuzikagua mwenyewe bila ya kuwa na elimu maalum ya ufundi.

Maoni yetu, ambayo wanachama mko huru kuyakataa, ni haya. Rimoti zaweza kufaa kwa mambo ya kazi: fedha ziende kwenye kitalu cha miche au kwenye majamvi, mkutano uwe mwezi gani, ripoti ikubaliwe au irudishwe. Lakini uchaguzi wa viongozi na mabadiliko ya katiba vibaki kwenye karatasi. Karatasi ni ya polepole, lakini kila mtu anajua kuihesabu, na ikitokea ugomvi yaweza kufunguliwa tena mbele ya wagombanao.

NA SIMU JE?

Wako wanaouliza kwa nini tusitumie simu zetu wenyewe. Ziko programu za namna hiyo, na hazihitaji kununua rimoti. Lakini zataka simu janja kwa kila mtu, bando, na mtandao ulio imara ukumbini. Na kura ya menyu au ujumbe mfupi, inayowezekana kwa simu ndogo, yampa nafasi mtu mwenye laini mbili kupiga kura mbili, pasipokuwa na orodha ya namba iliyohakikiwa kabla. Tukitaka kuijaribu njia hii, majaribio ni yale yale matano.

GHARAMA

Bei ya rimoti siyo bei ya mtambo. Tuongeze kipokezi, kompyuta, projekta, rimoti za akiba, betri, sanduku la kuhifadhia, usafirishaji, na mafunzo. Tuulize khasa kama programu hulipiwa mara moja au kila mwaka, na ikiwa ni kila mwaka, mtambo hufanya nini tusipolipa. Tuulize betri ni za aina gani. Zile zinazouzwa katika kila duka la mtaani ni bora kuliko zile za kuagiza. Kwa kuwa rimoti hutoa mawimbi ya redio, muuzaji atuonyeshe kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kifaa cha aina hiyo. Na tusisahau hewa ya bahari: chumvi na unyevu hula vyuma vya betri. Baada ya kila mkutano betri zitolewe, na kabla ya kila mkutano rimoti zote zijaribiwe moja moja.

Kisha tupige hesabu ya kukodi. Tuseme, kwa mfano tu, gharama zote za miaka 5 ni shilingi milioni 10, na mikutano mikubwa ni 2 kwa mwaka. Mikutano ni 10, na kila mmoja umegharimu shilingi milioni 1. Ikiwa kukodi mtambo kwa siku moja ni laki 6, kukodi ni nafuu, na muuzaji ndiye atakayebeba betri na chumvi. Chama chenye mikutano michache kisinunue kwa fahari.

Hata baada ya majaribio yote kufaulu, yafaa mkutano wa kwanza uwe wa kura mbili kwa pamoja: swali moja lisilo na ugomvi lipigiwe kwa rimoti na kwa karatasi, na jumla mbili zilinganishwe mbele ya wote. Zikilingana, tumepata sababu ya kuamini. Zisipolingana, mtambo urudi kwa mwenyewe, na mkataba useme tangu mwanzo kuwa tunayo haki ya kuurudisha na kurudishiwa fedha zetu.

Haya ndiyo tuliyoona yafaa kuwaeleza. Mwanachama mwenye swali au maoni ayapeleke kwa maandishi kwa Katibu wa tawi lake, ili Halmashauri iyapate kabla ya Mkutano Mkuu. Na ikiwa jaribio litafanyika, tangazo la siku na mahali litabandikwa katika kila tawi, na kila mwanachama ana haki ya kuja kubonyeza.